Jinsi ya kuisikiliza "Phases and Stages" ya Willie Nelson: kesi moja ya ndoa, pande mbili

Mara ya kwanza niliisikiliza albamu hii ndani ya basi la usiku kutoka Nairobi kwenda Mombasa, simu ikichanganya nyimbo inavyotaka yenyewe, na kabla ya kufika Voi nilikuwa nimeshaizima. Niliona vijinyimbo vifupi visivyo na kichwa wala miguu, na kipande kimoja kinachojirudia kama mgeni anayeaga lakini haondoki. Nikarudi zangu kwa Don Williams.

Kosa lilikuwa langu. Wengi wetu kantri tuliipokea kupitia redio ya Jumapili na kanda za wazee: Jim Reeves, Kenny Rogers, Dolly Parton. Kila wimbo ulikuwa na hadithi yake, ukiisha umekwisha. "Phases and Stages" haikutengenezwa hivyo. Ni ndoa moja inayovunjika, inayosimuliwa mara mbili: upande wa kwanza wa santuri ni wa mke, upande wa pili ni wa mume. Inataka isikilizwe kama wazee wanavyosikiliza shauri la ndoa: mmoja aseme mpaka amalize, ndipo mwenzake aanze. Ukiwachanganya, unabaki na kelele tu.

Huu hapa utaratibu ninaoufuata sasa, na ambao nimewapitisha watu kadhaa waliokuwa wakiniambia kantri haiwaingii.

Hatua ya 1: Itengeneze simu kwanza

Tafuta albamu nzima, usikubali orodha ya "nyimbo bora za Willie Nelson". Ile ya mwaka 1974 ina nyimbo 11. Ukikutana na yenye nyimbo nyingi zaidi ya hapo, hiyo imeongezewa majaribio ya studio. Iache kwanza, tutaifikia.

Zima kuchanganya nyimbo. Zima pia ule mpangilio unaofifisha mwisho wa wimbo mmoja ndani ya mwanzo wa mwingine, kwa sababu albamu hii ina viungo vyake yenyewe. Kama unatumia programu ya bure yenye matangazo, omba simu ya mwenye kulipia. Tangazo la mkopo wa simu likiingia wakati mke anaondoka nyumbani, shauri limeharibika.

Yote haifiki dakika 40. Ni muda wa kubandika wali na kuusubiri uive.

Hatua ya 2: Ujue ilitoka wapi, lakini usikae hapo sana

Willie Nelson alizaliwa Abbott, Texas, mwaka 1933. Kabla ya kujulikana kama mwimbaji alijulikana kama mtunzi: "Crazy", wimbo ulioimbwa na Patsy Cline mwaka 1961, ni wake. Lakini Nashville, mji mkuu wa biashara ya kantri, ilimrekodi kwa miaka mingi bila kujua imfanyie nini, ikimfunika kwa vayolini na kwaya ambazo hazikumkaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alirudi Texas na kuhamia Austin, ambako vijana wenye nywele ndefu na wachunga ng'ombe walikuwa wakijikuta kwenye ukumbi mmoja.

Akachukuliwa na Atlantic, kampuni iliyojengwa na muziki wa Wamarekani weusi. Prodyuza wake alikuwa Jerry Wexler, aliyewahi kufanya kazi na Ray Charles na Aretha Franklin. Wexler akampeleka Muscle Shoals Sound, studio ndogo katika mji wa Sheffield, Alabama, iliyoanzishwa mwaka 1969 na wanamuziki wanne: Barry Beckett wa kinanda, Roger Hawkins wa dramu, David Hood wa besi na Jimmy Johnson wa gitaa. Hawa ni watu waliosukuma soul, ule muziki wa Wamarekani weusi, huko Kusini mwa Marekani kwa miaka. Kwenda kurekodi kantri kwao ilikuwa kama kumpeleka mwimbaji wa taarab akapigiwe na bendi ya dansi. Shika hilo, litakusaidia kwenye dramu.

Albamu ikatoka mwaka 1974. Kwenye chati ya albamu za kantri ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, iliishia nafasi ya 34. Mwaka huohuo Atlantic ikafunga kitengo chake cha kantri, na albamu ikabaki yatima, bila mtu wa kuitangaza. Mwaka uliofuata Willie akahamia Columbia na kutoa "Red Headed Stranger", ikampa wimbo wake wa kwanza wa kushika namba moja kama mwimbaji, na kila mtu akaanza kuhesabu kuanzia hapo. Ndiyo maana hata shabiki mkubwa anaweza kuwa hajawahi kuimaliza hii.

Hatua ya 3: Upande wa mke

Sikiliza nyimbo tano za kwanza bila kusimama. Chukua karatasi, na kwa kila wimbo andika mstari mmoja wa Kiswahili: nani anasema, na anamwambia nani. Usijali maneno yatakayokupita.

Kile kipande kifupi unachokisikia mwanzoni, chenye jina la albamu yenyewe, kitarudi tena na tena. Ni sauti ya msimulizi. Anasema kwamba mambo haya huja kwa awamu na kwa mizunguko, na wote tumeshayaona, kisha anakupeleka kwenye tukio linalofuata. Mimi siku ya basi nilidhani ni wimbo uliokatika. Ni mlango.

Mlango unafunguka jikoni. Mwanamke anaosha vyombo, anasugua sakafu, anamtunza mtu asiyejali tena. Anaanza kuyachukia mambo aliyokuwa akiyapenda. Na anafua mashati ya mume bila kulalamika, isipokuwa kwa jambo moja: madoa mekundu kwenye kola.

Hapo nilimtafsiria shangazi yangu, aliyekuwa amekaa akichambua mchicha na hana habari na Willie Nelson. Nilipofika kwenye kola akaacha mchicha. "Mekundu?" akauliza. "Basi shauri limekwisha, hao wengine wanaimba nini tena?"

Ndivyo mtunzi anavyofanya kazi hapa. Hakuna neno "mwanamke mwingine". Hakuna neno "lipstiki". Kuna shati, kuna doa, kuna anayefua. Wimbo hauchukui hata dakika tatu na umekupa miaka kadhaa ya ndoa.

Kisha "Walkin'". Sasa ni yeye mwenyewe anayesema, na hasemi kwa hasira. Amelipima jambo lake vizuri, mgongo uko ukutani, na ameona kutembea ni bora kuliko kukimbia, na kutambaa hakufai kabisa. Sikiliza mwendo wa wimbo: ni wa mtu anayetembea kweli, hana haraka. "Pretend I Never Happened" ni barua ya kuaga, ile ya kuachwa mezani. Waylon Jennings, mwimbaji mwenzake wa kantri, alikuwa ameshaurekodi kabla ya hapo na ukafanya vizuri, lakini ukiusikia peke yake unadhani ni majigambo ya mwanamume anayekimbia. Hapa, katika nafasi ya tatu, baada ya zile kola, umekuwa maneno ya mwanamke aliyechoka. Neno halijabadilika hata moja. Kilichobadilika ni aliyesimama nyuma yake.

Wimbo wa nne ni nyimbo mbili zilizoshonwa pamoja, na kwangu ndio moyo wa upande huu. Dada, yaani yule mke, anarudi kwao. Wanaoimba ni kama watu wa nyumbani: mama atamwacha alale mchana kutwa, na kioo kitamwambia ametoweka kwa muda gani. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo. "Amerudi kwao" ni sentensi ambayo kila mtaa unaijua, pamoja na kimya kinachofuata. Halafu, bila onyo, muziki unabadilika na dada yuko kwenye baa ya kona anacheza, na suruali ya jinzi inambana kuliko zamani. Wengine husikia hapo kichekesho. Mimi nasikia mwili unaorudi kwa mwenyewe.

Upande unaishia kwa swali la mtu anayeogopa kupenda tena: nitajuaje? Hajibiwi.

Hatua ya 4: Simamisha

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo muhimu kuliko zote. Enzi za santuri ulilazimika kunyanyuka, kuinua sindano na kugeuza sahani. Willie alikuwa anajua utanyanyuka. Simu haina mgeuzo, kwa hiyo uufanye wewe: baada ya wimbo wa tano, bonyeza kusimamisha. Epua wali. Kaa dakika mbili au tatu na uandike unamwona mume ni mtu wa namna gani kabla hajafungua mdomo.

Hatua ya 5: Upande wa mume

"Bloody Mary Morning" ndio wimbo pekee wa hapa ambao huenda umeshausikia. Ulifika nafasi ya 17 kwenye chati ya kantri, na Willie ameupiga jukwaani kwa miongo. Bloody Mary ni kinywaji cha vodka na maji ya nyanya ambacho Wamarekani hukinywa asubuhi ili kuzimua, au kama wanavyosema vijana wa Nairobi, kutoa lock. Mume yuko ndani ya ndege, anakwenda Houston, glasi mkononi, na wimbo unakimbia kwa gitaa na benjo kama farasi aliyekatika kamba. Ni raha tupu kuusikia. Shangazi aliuchezea mabega.

Ila sikiliza sentensi zake za mwanzo kabisa. Anasema ameachwa usiku, bila onyo.

Bila onyo! Rudi kwenye karatasi yako ya upande wa kwanza. Vyombo, sakafu, kola, miezi ya kufikiri, barua. Albamu nzima iko katika pengo hilo kati ya alichokiona mke na alichokisikia mume. Hakuna msimulizi anayekuja kukuambia kwamba jamaa hakuwa akisikiliza. Umewekewa ushahidi mapema, ukaachiwa uugundue. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na huyu alisikia mshindo tu. Pia linganisha namna wanavyoondoka: mke anatembea, mume anapanda ndege.

Wimbo huu Willie alikuwa ameurekodi tayari mwaka 1970, kwa kampuni nyingine, ukiwa wimbo tu wa mlevi anayesafiri. Hapa kauokota na kuuweka mahali ambapo kila neno lina uzito mpya. Hiyo ndiyo kazi ya kupanga albamu, na ndiyo inayopotea ukichanganya nyimbo.

Baadaye anakuta nyumba haina upendo, na muziki unapoa. Kisha inakuja "I Still Can't Believe You're Gone". Usiusikilize huu ukiwa unaendesha gari. Kwenye hadithi, ni mume asiyeamini kwamba mke kaondoka. Lakini Willie aliutunga kufuatia kifo cha mke wa Paul English, mpiga dramu wake wa siku nyingi na rafiki yake wa karibu. Ni wimbo wa msiba uliopewa kazi ya wimbo wa talaka. Ukilijua hilo unasikia ajabu yake: mume anaomboleza kama mtu aliyefiwa, ilhali tulimwacha mke upande wa kwanza akiwa mzima, anacheza baa ya kona.

"It's Not Supposed to Be That Way" ni mzuri kiasi kwamba unaweza kukupita. Mume anasema haikupaswa kuwa hivi, ulipaswa kujua kwamba nakupenda. Ulipaswa kujua, yaani mimi sikupaswa kusema. Na mara baada ya hapo linachomoza neno la kumtawala, limeimbwa kwa upole kama bembelezo la mtoto. Rudia mstari huo mara mbili. Sidhani kama kuna mahali pengine ambapo Willie amemchora mwanamume kwa ukali namna hiyo huku akimhurumia.

"Heaven and Hell" nauona dhaifu kidogo, unaburudisha, basi. Wa mwisho, "Pick Up the Tempo", ni mwanamuziki anayeambiwa anaishi mbio mno, na jibu lake ni kuiomba bendi iongeze mwendo. Hakuna mpenzi mpya, hakuna swali. Mke alimalizia kwa kujiuliza; mume anamalizia kwa kurudi kazini. Kisha kile kipande cha msimulizi kinarudi, na sahani inaisha.

Hatua ya 6: Sikiliza mara ya pili, kwa ajili ya vyombo

Siku nyingine, si siku hiyohiyo. Safari hii achana na maneno.

Anza na gitaa la Willie. Ni Martin N-20, analiita Trigger, na lina nyuzi za nailoni wakati kantri karibu yote ilipigwa kwa nyuzi za chuma. Sauti yake ni kavu, ya kugongagonga, kama mtu anayezungumza kwa kucha. Ukishalitambua mara moja hutalikosa tena.

Kisha gonga meza kwa kidole ukifuata dramu ya Roger Hawkins. Iko sawa kama saa. Sasa, bila kuacha kugonga, fuata sauti ya Willie. Utaona maneno hayadondoki na kidole: yanachelewa, yanakimbilia mbele, yanakaa kando ya mdundo na kufika mwisho wa mstari kwa wakati. Kwa kipimo cha Nashville cha wakati ule uchezeaji huu ulionekana kutojua kuimba. Wapigaji wa Muscle Shoals walikuwa wamezoea waimbaji wa soul, watu wa kuvutavuta mstari, kwa hiyo wao wanashika mdundo na kumwacha azurure. Hapo ndipo uamuzi wa Wexler unapoeleweka.

Halafu kuna wageni wawili wa kuwatafuta: fidla ya Johnny Gimble, aliyewahi kupigia bendi ya Bob Wills, mwanamuziki wa zamani wa Texas, na lile gitaa la kulazwa lenye pedali, linalolia kama sauti inayoteleza kutoka noti moja hadi nyingine, mikononi mwa John Hughey. Kwa benjo ni Eric Weissberg.

Hatua ya 7: Msimulie mtu kwa Kiswahili

Hii niliigundua kwa bahati. Nilipokuwa namsimulia jirani, nilisema tu: anaosha vyombo, anafua, anaondoka, amerudi kwao, anacheza baa. Jirani akadhani namzungumzia mwanamume aliyechoka na ndoa. Kiswahili hakisemi dume wala jike kwenye kitenzi. "Anaondoka" ni wa yeyote. Kiingereza kinamlazimisha Willie aseme "she" pale mwanzoni, lakini nyimbo nyingi zinazofuata ni za "mimi" na "wewe", tena zote kwa sauti yake ileile ya puani, bila kujifanya mwanamke. Jaribu kusimulia upande mmoja kwa mtu bila kutaja mke wala mume, umuulize ni nani. Jibu lake litakufunza kitu kuhusu albamu, na pengine kuhusu yeye.

Baada ya hapo

Ukishaizoea, ndipo utafute toleo la mwaka 2006 lililokusanya rekodi zake za Atlantic, lenye majaribio ya nyimbo hizi. Yanaonyesha ni kiasi gani cha mpangilio huu kilipatikana kwa kukata. Waylon Jennings naye alitoa matoleo yake ya "Pick Up the Tempo" na "It's Not Supposed to Be That Way" mwaka huohuo wa 1974. Kwake ni nyimbo nzuri, kwa sauti nzito ya kiume, lakini zimetoka nje ya nyumba zilikozaliwa.

Mwishowe nenda kwa "Red Headed Stranger", ile maarufu. Nayo ni hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho: mhubiri anaachwa na mkewe, anamfuata, anamuua yeye na mpenzi wake, kisha anazunguka na farasi. Ni albamu kubwa, siipunguzii kitu. Nilimpigia shangazi nayo, nikimtafsiria wimbo baada ya wimbo kama kawaida yetu. Ilipokaribia kwisha akaniuliza mke amepewa wimbo wa ngapi.

Nikamwambia hana.